Nina homa ya ini B lakini siumwi popote, imekaaje hii?

Kisiki: Wakuu habari. Nilienda kuchangia damu wakanikataa, nina homa ya ini B. Nimerudia kipimo baada ya miezi sita bado ipo, docta kasema hiyo sasa ni sugu. Kinachonichanganya siumwi popote, nakula, nalala, macho meupe kabisa, na dawa hajanipa, eti niwe narudi kucheki kila miezi sita. Sasa mama alifariki tumbo limejaa maji, siku za mwisho anaongea vitu havieleweki. Ndo nnakoelekea au docta kanipuuza?

Mama Wawili: Pole ndugu, hajakupuuza. Wengi wetu ndo tuko hivyo, miaka 20 hata 30 hamna dalili, ini linaota makovu kimyakimya na mtu anapiga kazi kama kawa. Dawa sio kila mtu anaanza nayo, wanaangalia wingi wa virusi, makovu, na vimeng'enya vya ini, vile ambavyo vikipanda kwenye damu ujue ini linaumia. Mimi nilikaa miaka minne bila dawa, wa tano vimeng'enya vikapanda nikaanzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Nilikua nahisi uchovu tu, nikajua uzee huo.

Mzee wa Vipimo: Hapo kwa mama ndo pa kuangalia, huenda ulizaliwa nayo. Mtoto akiipata wakati wa kuzaliwa, 9 kati ya 10 inakua sugu, mtu mzima hata 5 kati ya 100 hawafiki. Maji tumboni, kutapika damu, kuchanganyikiwa, hayo yanakuja ini likishasinyaa kwa makovu. Ila saratani haisubiri ini lisinyae, ndo maana kuna watu wanapigwa ultrasaundi kila miezi sita, muulize docta kama na wewe umo. Pombe acha, na hizo mitishamba za kusafisha ini usiguse kabisa, zingine ndo zinaliua.

Njiapanda: Ukija kuanza dawa usiache kienyeji. Jamaa yangu aliambiwa virusi havionekani akajua kapona akaacha, miezi kadhaa mbele macho manjano, kalazwa wiki tatu.

Kisiki: Dah, hilo la kuzaliwa nayo sikuwahi kuliwaza. Tuko wanne kwa mama, nimeshawapigia wote wakapime. Wa mwisho anauliza tutenganishe sahani?

Mama Wawili: Sahani hapana, kuleni tu pamoja. Wembe na mswaki ndo kila mtu na wake. Ambaye hana na hajawahi kuchanjwa apige chanjo, dozi tatu.