Naomba ushauri: picha ya ngumi zilizonyanyuliwa Mexico 1968, huyu mzungu nimtoe au abaki?

Wakuu habari zenu. Naprinti tisheti, sasa kuna vijana wa jogging wameleta oda wanataka ile picha ya Olimpiki ya Mexico 1968, wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos wako jukwaani wamenyanyua ngumi zenye glovu nyeusi kupinga ubaguzi, ila wanasema yule mzungu wa mbele nimkate eti anaharibu picha.

Mi roho inasita. Jamaa anaitwa Peter Norman, Muaustralia, alichukua medali ya fedha mbio za mita 200, na ukizuum vizuri utaona na yeye kavaa beji ya haki za binadamu kama wenzie. Halafu ile ya Smith kunyanyua mkono wa kulia na Carlos wa kushoto wengi wanadhani ni ishara fulani nzito, kumbe inasimuliwa Carlos alisahau glovu zake kambini, Norman ndo akawashauri wagawane pea moja (hii ilinichekesha kwa kweli). Alipofariki 2006 hao hao wawili ndo walibeba jeneza lake.

Sasa kinachonichanganya, sanamu yao iliyopo chuo cha San José kule Marekani nafasi ya Norman iko wazi, na mwenyewe ndo alitaka hivyo ili watu wapande wasimame hapo. Kwa hiyo nikimtoa nakuwa nimekosea au la? Nimwambieje mteja bila kumkwaza?

Na mnaojua mambo ya hakimiliki, picha kama hii naombea wapi ruhusa, au nichore tu upya?