Katuni za Bagamoyo: acheni kugeuza mikono kama kioo!

Wakuu, hili limezidi. Katuni zinazotengenezwa hapa Bagamoyo siku hizi zina sura nzuri, kanzu inapepea vizuri, halafu mzee mzima anamkabidhi mgeni kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto. Pwani hii! Hata mtoto angekemewa.

Chanzo kinajulikana. Mtu anachukua mwendo uliotengenezwa tayari, anataka uonekane mpya, anaugeuza. Kwenye Blender, programu ya kutengenezea katuni za 3D, ni Ctrl+Shift+V tu, pozi la kulia linahamia kushoto. Kwa kutembea hakuna neno. Kwa kutoa, kupokea, kula na kusalimiana ni utovu wa adabu. Na kuita je? Miendo ya nje inamwita mtu kiganja kikiwa juu, kidole kimoja kikikunjwa. Huku kwetu kiganja kinatazama chini, vidole vinne vinavuta pamoja kuelekea mwilini. Bibi hamwiti mtu kwa kidole!

Vidole vyenyewe sasa. Rigi ya kawaida, yaani kiunzi cha kidijitali kinachomwendesha mhusika, ina mifupa 15 kila mkono, mitatu kwa kila kidole, nanyi mnaikunja yote kwa pembe ileile, fremu (picha moja ya katuni) ileile. Hiyo ni reki, si mkono. Mkono unaopokea kikombe huanza kiwiko, kifundo kikafuata, vidole vikachelewa fremu 2 au 3. Kidole cha pete hakinyanyuki peke yake, huvutana na jirani zake. Kidole gumba si bawaba: huzungukia kwenye shina lake, karibu na kifundo, ndipo kikatazamana na vingine. Na mkigeuza kiganja kwa mfupa wa kifundo pekee, ngozi inajinyonga kama karatasi ya pipi. Gawanyeni mzunguko huo kwenye mifupa ya kigasha.

Mnaonasa mwendo wa mtu halisi kwa kamera moja, MediaPipe, programu inayosoma mikono kwenye video, inakadiria alama 21 kila mkono, lakini kidole kikijificha nyuma ya kikombe inabahatisha, ndiyo ile mitetemo. Futeni fremu hizo, pangeni pozi wenyewe.

Sauti nayo. "Karibu" ina mkazo kwenye "ri", silabi ya pili kutoka mwisho. Mkono unaokaribisha ufike kilele cha mwendo wake hapo hapo au fremu 2 kabla. Ukichelewa, maneno yanaonekana si ya mhusika.

Wenye kazi zilizo hewani zenye kikombe cha kushoto, zishusheni mzirekebishe.