Watunzi wa chemsha bongo magazetini, mnatuchukuliaje?

Wakuu, leo nimechoka kweli.

Kuna gazeti la Jumapili, jina naliacha, ambalo wengine tunalinunua kwa ajili ya ukurasa wa chemsha bongo tu, lile fumbo la kujaza maneno kwenye vyumba, herufi moja kila chumba. Sasa oneni walichotuletea wiki hii. Kwenda kulia: "Mnyama (4)", yaani neno la herufi nne. Basi, hakuna zaidi. Unategemea neno linaloshuka likuokoe, linakupa herufi ya mwisho, A. Kwa Kiswahili hiki ambacho karibu kila neno linaishia na irabu, A ya mwisho itakusaidia nini? Paka anaingia, mbwa anaingia, kima anaingia. Hilo si fumbo, ni bahati nasibu.

Chini yake: "Matunda matamu (4)". Jibu EMBE. Unauliza matunda, unajibu embe! Ng'ombe ndiyo kabisa, mara anapewa vyumba sita, mara saba kwa sababu mtunzi kaamua ritifaa, ile alama ya ('), nayo ikae chumba chake. Neno likizidi wanalikata tu, hospitali inageuka "hosptali".

Kinachoniuma ni kwamba lugha yetu imejaa michezo ya maneno. Chukua herufi A, I, L, M: mali, mila, lima, lami, imla. Maneno matano hayo! Kuna na mchezo wa kinyume, watu wa pwani wameucheza tangu zamani, silabi ya mwisho inahamia mbele, nyumba inakuwa mbanyu. Mtunzi anayejali kazi yake angeandika: "Lima kinyume upate utajiri (4)". Unageuza li-ma, unapata MALI, na maana yake umeshapewa hapo hapo kwenye "utajiri". Au "Mabara mawili yanapitisha magari (8)": bara na bara, BARABARA. Au "Mnyama juu ya nyumba (3)": PAA. Hapo hata ukishindwa, siku ukiona jibu unakubali kwamba umefungwa kihalali.

Waingereza wameshalipigania hili. Derrick Macnutt, aliyejulikana kwa jina la Ximenes na kutungia mafumbo gazeti lao la The Observer kuanzia 1939 hadi alipofariki 1971, alisisitiza kwamba dokezo lazima limtendee haki anayefumbua. Maana ya jibu iwemo, njia ya kulifikia iwemo. Liwe gumu utakavyo, ila mtu asiachwe abahatishe.

Na majibu je? Wanaandika "majibu toleo lijalo". Toleo lijalo linakuja na fumbo jipya, majibu hamna. Kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji, aliyetega anaupokea, halafu anakupa jibu. Sisi tumelipia gazeti na jibu hatupewi.

Nimewapigia simu, nikajibiwa kwamba ukurasa ule ni wa kujazia nafasi. Wa kujazia! Mtaani kwetu kuna wazee wanaanzia huo ukurasa kabla hata ya kuangalia habari, na kuna watoto wanajifunza tahajia pale. Ndiyo hiyo "hosptali" wanayoenda nayo shuleni.

Mhariri kama unapita humu, majibu ya nyuma tunayataka, na jina la mtunzi liwe linaandikwa chini ya fumbo tujue nani wa kuulizwa. Wadau wenye madokezo mengine ya hovyo, yabandikeni hapa na picha ya ukurasa, tuwapelekee yote kwa mkupuo.