Mavi ya chuma yana nini hasa mpaka wanaakiolojia wayang'ang'anie?

mdadisi_tu: Wakuu habari. Hivi kwa nini hawa watu wanahangaika na mabonge ya mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki mawe ya chuma yakiyeyushwa, kuliko hata shoka au mkuki wenyewe? Si uchafu tu wa tanuru ule? Maisha ya watu wanayajuaje kupitia huo uchafu?

kokoto: Mkuu shoka linahama. Linauzwa, linarithiwa, linaibiwa, ila mavi ya chuma nani atahangaika kuyabeba, yanabaki palepale walipoyeyushia. Ukikuta malundo kama ya Meroe, mji wa kale kule Sudan, ujue hapo kazi ilipigwa vizazi na vizazi, na kazi hiyo inakula mkaa balaa, mkaa ni miti, sasa anza kujiuliza nani alikata miti, nani alivukuta, na hao wote nani aliwalisha. Vipande vya mkaa vikinasa mle ndani wanapima kaboni wanapata umri, wakiviweka kwenye hadubini wanajua hadi aina ya mti.

Bi Mvukuto: Hata shoka linasema jamani. Ötzi, yule maiti wa barafuni aliyepatikana milima ya Alps huko Ulaya mwaka 1991, alikuwa na shoka la shaba, wakapima isotopu za risasi (madini ya risasi yaliyomo kwenye shaba, si ya bunduki; aina zake hutofautiana mgodi kwa mgodi) ikaonekana shaba imetoka Tuscany, Italia, wakati Alps kwenyewe shaba ipo. Hapo ni zaidi ya miaka 5000 iliyopita na biashara ya mbali ilishakuwepo.

kokoto: Sawa ila isotopu nazo taratibu. Watu wa kale waliyeyusha vyuma chakavu vya huku na kule kwenye chungu kimoja, ukipima hapo unapata mchanganyiko usio na kwao. Bora shaba ghafi kama ya ile meli iliyozama Uluburun, Uturuki, tani kama 10 za shaba ya Saiprasi na bati kama tani 1. Hesabu hiyo ndiyo ya kuchanganya shaba na bati kutengenezea bronzi kabisa, yani mzigo ulipangwa.

mdadisi_tu: Na mambo ya imani je, hayo yanapimwa na mashine gani?

Bi Mvukuto: Hakuna mashine hapo, unauliza wazee. Kagera miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwakuta wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, wakajenga tanuru upya, wakachoma majani ya kinamasini shimoni kwanza, wakaonyesha na kishimo cha kuweka dawa za mila. Sasa kwenye sakafu za tanuru za zamani kuna vishimo vidogo, bila wale wazee si ungeandika tu "kishimo" ukapita zako.