Hivi hiki chama cha wafanyakazi ni chetu au ngazi ya watu kupandia siasa?

Wakuu salamu, leo acha niseme maana nimevumilia sana.

Asubuhi nimeangalia slipu ya mshahara, asilimia 2 ya chama imekatwa kama kawaida, mwaka wa tisa huu. Nilichopata mpaka leo ni tisheti moja ya Mei Mosi, saizi ya kulalia, nimeifua mara mbili maandishi yote yamebaki kwenye beseni. Malimbikizo ya kupanda daraja sijaona hata mia. Ukisema ujitoe unaambiwa hata asiye mwanachama anakatwa, eti ada ya uwakala. Uwakala wa nini jamani, nani kaniwakilisha wapi??

Kilichonipandisha presha ni kikao cha juzi. Tumeitwa, tukajua leo tunaongelea malimbikizo, kufika ukumbini meza kuu ina kitambaa na maua, mgeni rasmi mwanasiasa, shekhe kapiga dua, mchungaji naye kaomba, wote wametuombea SUBIRA, halafu mgeni rasmi kahutubia saa nzima huku katibu wetu wa tawi anapiga makofi mpaka miwani inamdondoka. Malimbikizo yakawekwa kwenye "mengineyo". Kufika mengineyo muda umeisha, zikagawiwa soda. Kumbe katibu kachukua fomu ya udiwani, sasa hivi grupu la WhatsApp la tawi ni mabango yake tu.

Msije kuniambia vyama visichanganywe na siasa, mi sisemi hivyo. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika lililoanza 1955, ilikuwa karibu na TANU na hakuna aliyelalamika, wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar walipogoma 1958 TANU ilisimama nao watu wakasusa bia. Hapo siasa ilimbeba mfanyakazi. Uhuru ulipokuja ndo mambo yakageuka. Kawawa aliyekuwa katibu mkuu wa TFL akawa waziri mkuu 1962, na mwaka huohuo ikapita sheria ya kubana migomo. 1964 baada ya maasi ya jeshi viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, TFL ikafutwa, ikaletwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambayo katibu mkuu wake anateuliwa na rais, na wa kwanza alikuwa Kamaliza, ambaye ndiye huyohuyo waziri wa kazi! Yaani una kesi na waziri, unaenda kwa katibu wako akutetee, unamkuta waziri kakaa kwenye kiti. Baadaye ikawa JUWATA, jumuiya ya CCM kabisa. Miaka ya 90 vyama vikatenganishwa na chama tawala kwenye karatasi, ila huku matawini mtu akishika muhuri tu anaanza kuwaza jimbo.

Na dini hivyohivyo. Poland 1980 mafundi chuma wa Warsaw wamegoma, padri Popiełuszko akawafuata hukohuko kiwandani kuwasomea misa, akaendelea kuwa upande wao mpaka 1984 watu wa usalama wakamuua. Sisi wa kwetu anakuja kutuombea tuvumilie, tena anakaa upande wa meza yenye maua.

Sasa naomba msaada wa kweli sio porojo: kuna aliyewahi kusimamisha haya makato akafanikiwa? Mi barua nimepeleka mara mbili, afisa utumishi anasema hajaziona, na ya pili nilimkabidhi mkononi.