Mnachukua sampuli zetu, majibu mnayafungia wapi? Uzi kwa watafiti wote wa sumukuvu

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na leo nalitema hapa hadharani. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie. Mimi ni mtu wa sayansi ya chakula, nimesomea hapa hapa nchini, na shahada ya pili niliifanyia utafiti wa sumukuvu (aflatoxin, sumu ya kuvu wa mahindi na karanga) kwenye unga wa lishe, ule wa uji wa watoto unaochanganywa mahindi, karanga na soya. Ninaowalalamikia ni wenzangu, na mimi mwenyewe nimo.

Wiki iliyopita nilipita kwenye kijiji kimoja huku Dodoma ambako mwaka 2019 nilikusanya sampuli za unga. Safari yenyewe ilikuwa ya shughuli nyingine kabisa. Nimesimama pale kwenye mashine ya kusaga, mama mmoja akanikazia macho, akasogea. "Wewe si yule binti wa unga?" Nikamwambia ndiye mimi, shikamoo mama. Akaitikia, akaniomba nisiondoke. Akaenda kwake, akarudi na kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Ndani ya kadi kulikuwa na kipande cha karatasi kimekunjwa, kimeandikwa kwa kalamu nene: 47. Mwandiko wangu.

"Mwanangu, ule unga wangu ulikuwaje?"

Miaka yote hiyo amekitunza kile kipande, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia akitunze, majibu yakitoka nitayaleta kwa namba. Majibu yalitoka. Yamo kwenye tasnifu yangu, jedwali la tatu. Sumukuvu kwenye unga wake ilikuwa imezidi kiwango kinachoruhusiwa zaidi ya mara nne. Nililijua hilo nikiwa bado maabara, na yule mtoto aliyekuwa akinywa uji ule sasa anasoma shule ya msingi.

Nikakosa la kusema. Yeye akaendelea tu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Walitangulia wa maziwa, wakachukua kidogo kidogo kwa kila mwenye ng'ombe, wakatia kwenye vichupa. Wakaja wa kupima watoto urefu kwa ule ubao. Halafu ukaja wewe. Hakuna aliyerudi."

Nikaenda ofisi ya mtendaji nikaomba kitabu cha wageni cha miaka ile. Tumo wote. Timu ya maziwa, timu ya urefu wa watoto, mimi na msaidizi wangu, kurasa chache zikipishana, saini na sababu ya kuja. Tumeingia kijiji kimoja, wakati mwingine kaya zile zile, ndani ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mtendaji alitujua wote. Sisi kwa sisi hatukujuana.

Kwa wasiofahamu, sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus, kwenye mahindi na karanga. Kuvu huanzia shambani zao likipigwa na ukame, kisha hupata nguvu mkulima akihifadhi mazao ambayo hayajakauka vizuri. Sumu yenyewe haina harufu, na ukipika ugali au uji haiondoki. Ng'ombe akilishwa pumba au mashudu yenye sumu hiyo, sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Mtoto anayeinywa kila siku kwenye uji ana hatari ya kudumaa. Watafiti waliopima damu za watoto wa Benin na Togo walichapisha mwaka 2002 kwamba wale waliodumaa walikuwa na alama nyingi zaidi za sumukuvu mwilini. Sasa zirudieni zile timu tatu: maziwa, urefu, unga. Kila moja ilishika kipande cha swali moja. Kama tungekaa meza moja hata kwa nusu siku, tungeondoka pale na jibu la kaya kwa kaya: mtoto huyu mfupi, unga wa kwao uko hivi, maziwa ya kwao yako hivi. Data hiyo ipo. Imekatwa vipande vitatu na kufungiwa kwenye kompyuta za watu watatu, na nadhani haitakutana kamwe.

Na msiniambie ni jambo jipya ambalo dunia bado inajifunza. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kwa watu wa nyanja tofauti kukaa pamoja. Mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Madaktari wa mifugo wakakagua maini, wengine wakafuatilia chakula hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, wa kuvu wakaitambua kuvu, wakemia wakaitenga sumu. Haikuchukua miaka mingi. Kama yule wa mifugo angesema mimi nashughulika na ini tu, mashudu si fani yangu, leo tusingekuwa hata na jina la kuita kitu hiki.

Sisi huku tumeshazika watu. Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kule mashariki, Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Hapa kwetu mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walianza kugeuka macho manjano, matumbo yakajaa, wakafa, na mwanzoni ilikuwa ugonjwa usiojulikana. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 60, waliofariki karibu 20. Dalili hizo zilikuwa zimeshaelezwa Kenya miaka 12 nyuma, jirani hapo, mahindi yale yale. Mganga wa zahanati atazijua vipi wakati maarifa ya mahindi yanakaa kwa watu wa kilimo?

Mwaka 2021, mwezi wa tatu, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ghafla kila mtu akawa mtaalamu. Makongamano, mabango, fulana. Biashara ilipoguswa tuliweza kukaa meza moja.

Nina mfano mwingine wa karibu. Kwenye kliniki ya mama na mtoto ya kata ile ile nilimkuta nesi akiwaelekeza akina mama waongeze karanga kwenye unga wa lishe. Ushauri mzuri, karanga zina protini na mafuta. Alipomaliza nikamvuta pembeni nikamuuliza kama huwa anawaambia pia kuchambua karanga, kutupa zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye ukungu. Akanitazama. "Dada, sumukuvu si ya mabwana shamba hiyo?" Simlaumu hata kidogo. Ni dada mchapakazi, na foleni ilikuwa imefika nje ya lango. Tangu aanze kazi hajawahi kuletewa karatasi hata moja yenye jambo hilo. Kuchambua tu punje mbovu kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa na hakugharimu hata senti. Hilo tunalijua tangu zamani, tumeliandika mara nyingi, kwa Kiingereza, tukasomeana wenyewe.

Na kuna la ini. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini B akila sumukuvu kwa muda mrefu, hatari yake ya saratani ya ini inapanda mara nyingi kuliko ya mtu asiye na virusi. Huku tuna virusi hivyo na tuna sumukuvu. Nionyesheni semina moja wilayani ambako mtu wa chanjo, mtu wa maghala na mtu wa saratani waliitwa siku moja. Ukiuliza, unaambiwa kila mtu ana bajeti yake na wafadhili wake.

Mnakumbuka Ebola ya Liberia? Mwaka 1982 watafiti kutoka Ujerumani walichapisha kwenye jarida la Ulaya kwamba damu walizopima Liberia zinaonyesha nchi hiyo ihesabiwe kwenye ukanda wa virusi vya Ebola. Damu ilikuwa ya Waliberia, lakini kati ya waandishi hapakuwa na Mliberia. Ugonjwa ulipolipuka 2014, madaktari wao waliamini Ebola haijawahi kuwa kwao. Mwaka 2015 maofisa wa afya wa Liberia waliandika wazi kwa uchungu kwamba onyo lilikuwepo, na kwamba kupakua makala moja kati ya zile zilizobeba onyo hilo kungemgharimu daktari wao dola 45, karibu mshahara wa nusu wiki. Maelfu walikufa. Jibu lilikuwa limekaa rafuni miaka zaidi ya 30.

Nilipotoka kijijini nilitaka kuitafuta ile timu ya maziwa. Mtandaoni nikakuta kichwa cha habari kinachofanana na kazi yao, mkoa huu huu, muhtasari wa aya moja, halafu ukuta: lipa dola 39.95 usome kwa saa 24. Hiyo ni kama laki moja ya kwetu kwa kurasa nane. Maziwa ya ng'ombe wa yule mama! Hakulipwa hata shilingi, na kuyasoma majibu yake ni laki moja. Na upande wa pili, ukitaka makala yako isomwe bure na kila mtu, unalipa mwandishi. Majarida makubwa kabisa yalifika euro 9,500 kwa makala moja mwaka 2021. Mwanafunzi wa shahada ya pili wa kwetu anaitoa wapi?

Najua kuna mipango ya kuzipa taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu: Hinari ya Shirika la Afya Duniani tangu 2002 na AGORA ya upande wa kilimo tangu 2003. Nimezitumia nikiwa chuoni na nazishukuru. Lakini taasisi lazima isajiliwe, nywila inakaa kwa mkutubi, na ukishahitimu ukapangiwa halmashauri huko, umebaki mikono mitupu. Afisa ugani anayeulizwa maswali na wakulima kila siku ndiye asiye na mlango wa kuingilia.

Tasnifu zetu je? Hizo hazina hata kisingizio cha mchapishaji wa nje. Mwaka jana nilikwenda kwenye maktaba ya chuo kimoja kutafuta tasnifu ya mtu aliyepima mahindi ya wilaya jirani. Simu niliacha mlangoni, kupiga picha marufuku, kutoa nakala marufuku, nikanakili jedwali zima kwa mkono kwenye daftari kuanzia saa tatu hadi saa nane. Kazi hiyo ililipiwa na mkopo wa serikali. Inamlinda nani?

Nilipomaliza yangu nilimwomba msimamizi niandae mrejesho wa kijijini, ukurasa mmoja wa Kiswahili. Nikaambiwa subiri makala itoke kwanza, wengine wasije wakatuwahi. Makala ikapigwa kalenda, mhakiki huyu, mhakiki yule, ikatoka baada ya miaka miwili. Wakati huo mimi niko kwenye ajira nyingine, hela ya mradi imeisha, na kwenye bajeti hapakuwa hata na mstari wa mrejesho. Nauli ya kwenda kukusanya ilikuwepo. Ya kurudisha majibu haikuwepo. Ningeweza kujilipia basi. Sikufanya hivyo, na hilo ni langu.

Najua watakaokuja kunijibu. Mmoja atasema watafiti wanaogopa kuibiwa kazi. Sawa, lakini mama wa namba 47 hawezi kukuibia makala, na nesi hawezi. Mwingine atasema wananchi hawaelewi vipimo. Niliposema "unga wako ulikuwa na sumu kupita kiasi kinachoruhusiwa zaidi ya mara nne," yule mama hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Akakaa chini.

Kinachowezekana si kigumu. Kila mtafiti anayeingia kijijini ana kibali, kiwe cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) au cha chuo chake, na anayegusa afya za watu anapita kwenye kamati ya maadili. Maana yake mahali fulani inajulikana nani yuko wapi anapima nini. Hebu orodha hiyo iwe wazi, ya kijiji kwa kijiji, mtu wa maziwa amwone mtu wa unga kabla hajapanda basi. Kibali kisifungwe mpaka mrejesho wa Kiswahili ufike ofisi ya mtendaji na zahanati, na nakala ya tasnifu iwe mtandaoni bila simu kuachwa mlangoni. Na wahadhiri wapandishwe vyeo kwa hilo pia, kwa sababu leo ukurasa mmoja uliookoa kijiji una alama sifuri, na makala inayosomwa na watu wachache wa fani moja ina alama kamili.

Nilikaa na yule mama karibu saa nzima. Nikamwonyesha kuchambua karanga zake pale pale kwenye ungo, tukatenga mbovu, hazikuwa chache. Wakati naaga akaniuliza: "Na wale wa maziwa, wao walipata nini?"

Ile makala ya laki moja sijainunua, na wala sina hakika kama ndiyo yao. Kwa hiyo kama uko humu na ulikuwa kwenye timu ya maziwa iliyopita vijiji vya Dodoma kati ya 2018 na 2019, au unamjua aliyekuwemo, njoo PM. Vivyo hivyo kwa waliopima watoto urefu. Tasnifu yangu nzima nitakutumia leo hii, pamoja na namba za kaya, kwa utaratibu wa maadili unaoruhusiwa. Nauli ya kurudi kule safari hii nalipa mwenyewe.