Naombeni ushauri: nataka kutoa theluthi ya kiinua mgongo, mke wangu hajaafiki

Mleta uzi

Shalom wapendwa. Nina jambo linaninyima usingizi. Naona nililete hapa, maana wengi wenu ni watu wa Neno na hamnijui sura.

Nimestaafu. Kiinua mgongo kimeingia kwa mkupuo, fedha ambayo sijawahi kuishika na sitaishika tena. Siku ile nilijikuta naitazama kwenye simu mara kwa mara. Usiku nikafungua Luka 12, yule tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akaambiwa usiku uleule roho yake inatakiwa. Kilichonichoma ni kwamba mtu yule anaongea peke yake mwanzo hadi mwisho: mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Nami nilikuwa nimekaa peke yangu na simu mkononi.

Nikapiga magoti, nikamwambia Mungu nitatoa theluthi. Sehemu iende kwa wajane na yatima wa kanisani, sehemu kwa wahubiri wanaokwenda pasipo na kanisa. Nilipomweleza mke wangu alinyamaza, kisha akasema, "Ungeniambia mimi kabla ya kumwahidi Mungu." Tangu hapo nyumba imepoa. Yeye anawaza uzee na maradhi, na mtoto wetu wa mwisho bado anasoma. Mimi naogopa kusimama mbele za Bwana nikiwa na ghala iliyojaa. Nishike ahadi au nimsikilize mke wangu?

Mama wa Maombi

Baba, toa. Yule mjane wa Marko 12 alitia vyote alivyokuwa navyo, wala hakupiga hesabu ya kesho. Nondo na kutu havisubiri tukubaliane. Nakuombea.

Mhasibu

Mama, nakuheshimu sana, ila mjane yule hakuwa na mume wa kushauriana naye, na senti zile mbili zilikuwa zake peke yake. Fedha ya huyu baba imetokana na miaka ambayo mkewe naye alivumilia.

Mleta uzi, nijibu kwanza jambo moja: kuna mtu yeyote anayekudai?

Mleta uzi

Deni la benki sina. Ila kaka yangu alinikopesha miaka mingi iliyopita nilipokuwa najenga. Hajawahi kunidai. Nilikuwa nimesahau mpaka uliponiuliza. Hapana, nisiseme uongo mbele za watu wa Mungu: sikusahau. Kila tukikutana nalikumbuka.

Fundi Mstaafu

Mdogo wangu, hapo ndipo pa kuanzia. Soma Marko 7 kuanzia mstari wa 9. Walikuwapo watu waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha wakawaacha baba na mama zao bila msaada. Yesu hakuwasifu kwa ukarimu wao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Ya kaka yako si sadaka, ni yake. Ukiipeleka madhabahuni unatoa kilicho cha mwingine, na yeye ndiye atakuwa ametoa bila kuulizwa. Mlipe kwanza, na umwombe radhi kwa kuchelewa. Akikusamehe deni, hilo ni lake yeye na Mungu.

La pili. Kiinua mgongo si mshahara. Mshahara ukitoa leo, mwezi ujao unaingia mwingine. Hii ni miaka yenu yote iliyobaki imekusanywa siku moja, ndiyo maana inaonekana nyingi. Mkeo si mchoyo kwa kuliona hilo. Paulo aliwahimiza Wakorintho watoe, na bado akawaambia hataki wengine wastarehe na wao wapate dhiki. Alitaka pawe na usawa. Hiyo ni 2 Wakorintho 8.

Lakini sikwambii ufunge mkono, maana naona wengine huitumia hekima kama kufuli. Kuna kijana wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyesimuliwa na John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18, katika mahubiri yake, na wengi huamini ni Wesley mwenyewe. Alipata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka wa pili akapata 60. Akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Wa tatu akapata 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92. Mimi hesabu hiyo ilinibadilisha. Maisha yangu yote nilikuwa nauliza nitoe kiasi gani. Kijana yule aliamua kwanza kiasi gani kinamtosha. Kaeni wawili mlijibu hilo: kipi kinatutosha kuishi, kutibiwa, kumsomesha huyu mtoto? Kinachozidi hapo, kitoeni bila kutetemeka. Huenda kikawa kidogo kuliko theluthi. Huenda kikazidi.

Mtafuta Njia

Naongeza neno moja: akitokea mtu kukwambia upande mbegu ili irudi mara mia, kimbia. Waliotajwa Luka 14:12-14 ni wasioweza kukulipa, na malipo yanangoja ufufuo.

Dada wa Kwaya

Kaka, naandika kama mke. Mume wangu aliwahi kutoa fedha nyingi, nikaisikia kanisani pamoja na watu wengine wote. Watu wakapiga vigelegele, nami nikatabasamu. Niliumia, na hata leo nikikumbuka si fedha inayoniuma. Nilijiona mgeni katika ibada ya nyumba yangu.

Usimwone mkeo kama kizuizi kati yako na Mungu. Luka 8 inawataja Yoana mke wa Kuza, Susana na wanawake wengine wengi waliomhudumia Bwana kwa mali zao. Umewahi kumwuliza mkeo yeye angependa kumpa nani?

Mleta uzi

Nimechukua siku nne kujibu, mniwie radhi.

Nilimpigia kaka. Nikataja kiasi, akakaa kimya, kisha akasema alijua ipo siku. Hakunisamehe deni. Amepokea yote, na ameniambia lilimfanya aogope kuja kwangu, asije akaonekana anafuata fedha. Miaka yote hiyo nilidhani ana shughuli nyingi.

Jana usiku nilimwomba mke wangu msamaha, bila "lakini." Kisha nikamwuliza swali la Dada wa Kwaya. Akajibu papo hapo: mama mmoja mjane aliyemwuguza mama mkwe wangu hadi siku ya mwisho, ambaye hatukuwahi kumpa chochote zaidi ya asante. Sikujua kama analibeba hilo. Tumeandika jina lake juu kabisa kwenye karatasi. Chini yake tumeanza hesabu ya kinachotutosha, na tumekwama kwenye matibabu. Leo jioni tunaendelea.

Ahadi ya theluthi bado inanisumbua, kwa hiyo Mhasibu na mzee wangu Fundi, msiondoke.